Aliyejificha na Waliosambaza

Wifi yangu alinipa simu yake bila kusema neno. Tulikuwa jikoni kwake, nyumba imejaa wageni wa kipaimara cha mtoto, sufuria la pilau bado liko motoni, na yeye amenivuta hadi mlango wa stoo. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na picha. Uso ulikuwa wake, na nilijua hata ulikotolewa: mahafali ya kidato cha nne katika shule anayofundisha, ile siku aliyovaa kitenge cha bluu. Mwili haukuwa wake. Chini ya picha kulikuwa na maelezo marefu kwamba mwalimu huyu anawapandishia alama wavulana, na malipo anayopokea si fedha.

Akaunti iliyoweka picha ile ilikuwa na jina la kubuni na picha ya ua jekundu. Haikuwa imewahi kuweka kitu kingine chochote.

"Ni nani huyu, wifi?"

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtu wa mambo ya mitandao, kwa hiyo aliamini kuna mahali ningebonyeza na jina likajitokeza. Nilimwambia tutatafuta. Akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akarudi kupakua pilau na kuwahudumia wageni. Baadaye tulikuja kujua kwamba wengi wao walikuwa wameshaiona picha ile kwenye simu zao.

Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba nisitaje mkoa wala shule. Swali lake limenikalia rohoni wiki nyingi sasa, na kadiri ninavyolitafuta jibu ndivyo ninavyoona kwamba jina alilolitaka, nililolitaka na mimi, lilikuwa sehemu ndogo ya jambo lenyewe.

Nilichokitaka kwanza

Usiku ule niliamini kwa moyo wote kile kinachosemwa kila siku kwenye daladala na kwenye vipindi vya redio: kila anayefungua akaunti aweke jina lake la kwenye kitambulisho cha NIDA, asiyetaka akae kimya. Mwenye nia njema anaficha nini?

Wazo hilo linatoka kwenye maumivu ya kweli, na sitaki kulidharau. Mtu akikutukana sokoni unamwona. Unajua kwao. Unaweza kwenda kwa mjumbe, kwa wazee, kwenye mahakama ya mwanzo. Wifi yangu alidhalilishwa mbele ya mji mzima na hakuwa na wa kumfuata. Akaanza kumtazama kila mtu kwa mashaka: mlinzi wa geti, mwanafunzi aliyefeli, mwalimu mwenzake waliyewahi kukwaruzana kwa ajili ya zamu, mzazi aliyemaliza kikao cha shule bila kumsalimia. Akaunti moja isiyo na jina ilimgeuzia watu wote kuwa washukiwa.

Polisi alikwenda. Askari aliyempokea alikuwa na utu, akamsikiliza mpaka mwisho, akampa RB, yaani namba ya taarifa yake pale kituoni. Kisha akamweleza ukweli: mtandao huo makao yake yako nje ya nchi, pale kituoni hawana njia ya kuwauliza moja kwa moja, jalada litapelekwa mkoani.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu asiye na jina.

Halafu nikamkumbuka rafiki yangu muuguzi.

Muuguzi na dawa za GOT

Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu huyu alikuwa akifanya kazi katika zahanati ambayo dawa zilikuwa zinaisha siku chache baada ya kuletwa. Vidonge vilevile, vyenye alama ya GOT inayowekwa kwenye dawa za serikali, vilikuwa vinauzwa kwenye duka la jirani. Alimwambia mkubwa wake wa kazi. Akaambiwa aangalie ajira yake. Basi akafungua ID ya kubuni mtandaoni, akaandika kila kitu kwa mpangilio: tarehe za kupokea mzigo, aina za dawa, zilivyopungua. Ukaguzi ukafanyika. Yeye bado ni muuguzi, na hadi leo hakuna pale kazini anayejua nani aliandika.

Nilimpigia simu kumuuliza: kama ungelazimika kuweka jina lako la kitambulisho, ungeandika?

"Nisingeandika hata mstari mmoja. Nina watoto, dada."

Jamii yetu inalijua hitaji hili tangu zamani. Khanga imesema mengi mitaani bila aliyeivaa kukiri kwamba alikuwa anamlenga nani. Washairi wa magazeti ya zamani walijibizana kwa lakabu. Nenda hospitali yoyote ya wilaya utakuta sanduku la maoni limepigiliwa ukutani, lina kufuli, halina sehemu ya kuandika jina, na limewekwa na serikali yenyewe.

Mwaka 2015 Bunge letu la Tanzania lilipitisha sheria mbili ambazo nadra watu kuzitaja pamoja. Moja ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo, ambayo wengi tunaijua kwa sababu ya watu walioshtakiwa nayo. Nyingine ni Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Ya kwanza inataka aliyejificha apatikane. Ya pili inakiri kwamba kuna ukweli ambao hautatoka asipojificha anayeusema. Zote mbili zina haki yake, na zimetoka katika Bunge lilelile, mwaka uleule.

Fundo lenyewe

Kilichonikosesha usingizi zaidi ni hiki. Rushwa ya ngono shuleni na vyuoni ipo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kimeandikwa kwa ajili yake, na hakikuandikwa kwa kubuni. Mwanafunzi anayetakiwa na mwalimu wake kingono ili apewe alama hana nguvu yoyote: alama ziko mikononi mwa mwalimu, wenzake watamcheka, na nyumbani huenda akaulizwa alikuwa amevaa nini. Mwanafunzi huyo akiamua kusema, atasemaje?

Atafungua akaunti. Ataweka jina la kubuni. Pengine ataweka picha ya ua.

Yaani siku ile ya kwanza, kabla hujajua lolote, akaunti iliyomchafua wifi yangu na akaunti ya binti anayeomba msaada zinafanana kwa sura. Tofauti inaonekana ukisoma kilichoandikwa. Muuguzi alitoa tarehe na mzigo, mambo ambayo mkaguzi angeweza kuyafuatilia. Binti angesema ameambiwa nini, lini, wapi. Akaunti ile ilitoa picha ya uongo ya mwili wa mtu, na haikutaja mwanafunzi mmoja, mtihani mmoja wala siku moja ambayo mtu angeweza kuihakiki. Ilitaka watu watazame.

Wifi yangu, na hapa ndipo nilipomheshimu kuliko siku zote, alimwomba mkuu wa shule alama zote alizotoa zikaguliwe. Hakuna aliyemlazimisha. Mwalimu wa taaluma akatoa madaftari, karatasi za mitihani zikasahihishwa upya na mwalimu wa shule nyingine, bodi ikapewa taarifa. Alisema, "Kama kuna mtoto kweli aliyeumizwa hapa shuleni, hata kama si na mimi, sitaki hii ya kwangu imfunge mdomo."

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kichwani.

Tulishasajiliwa sote

Turudi kwenye lile wazo la kitambulisho. Jaribio hili tumeshalifanya, nchi nzima, kwa simu.

Kuanzia Mei 2019 laini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mwisho ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Mnazikumbuka foleni zile, wazee waliokaa juani na vidole ambavyo mashine ilikataa kuvisoma kwa sababu jembe lilikuwa limeshavilainisha. Tangu hapo, kwa mujibu wa kanuni, kila laini ina mwenyewe anayejulikana.

Na bado ujumbe wa matapeli unaingia: ile hela itume kwenye namba hii.

Namna inavyofanyika inajulikana. Bibi anakwenda kwa wakala kusajili laini yake. Wakala anamwambia kidole hakijasoma, weka tena. Kidole cha kwanza kimesajili laini ya bibi, cha pili kimesajili laini ya mtu asiyemjua. Ndiyo maana tuliwekewa *106#, ili kila mtu aangalie ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na wako waliokuta namba wasizozifahamu. Upelelezi ukifuata jina, unamfikia bibi.

Korea Kusini walikwenda mbali kuliko sisi. Huko watu maarufu walijiua baada ya kuandamwa mtandaoni, uchungu wa umma ulikuwa mkubwa, na mwaka 2007 serikali ikalazimisha tovuti kubwa zihakiki utambulisho wa kila anayetaka kuandika. Zilianza zile zenye wageni 300,000 kwa siku, mwaka 2009 ikashushwa hadi 100,000. Mamlaka ya mawasiliano ya huko ilipopima matusi baada ya sheria, yalikuwa yamepungua kwa chini ya asilimia moja. Kilichoongezeka ni rundo la taarifa za watu lililokaa sehemu moja. Julai 2011 wadukuzi waliingia kwenye mitandao ya Nate na Cyworld wakachukua taarifa za watumiaji milioni 35, katika nchi ya watu kama milioni 50. Tarehe 23 Agosti 2012 Mahakama ya Katiba, majaji wote kwa kauli moja, ikaifuta sheria ile.

Nikimfikiria muuguzi wangu katika rundo la namna hiyo, limeibwa na linauzwa, moyo unanienda mbio.

Kisutu

Sisi tunayo kesi yetu, na wengi tuliifuatilia. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, jukwaa la mtandaoni ambalo wengi huandika kwa majina ya kubuni, alikamatwa na kufikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Polisi walitaka taarifa za watumiaji walioandika tuhuma dhidi ya makampuni, naye hakuzitoa. Kwa zaidi ya miaka mitatu alikwenda mahakamani na kurudi, kesi zaidi ya moja. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika mojawapo, kwa kuzuia upelelezi: faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja.

Nilivyoisoma tena kesi hiyo mwezi huu niliisoma kwa macho mawili yanayovutana. Jicho la kwanza, la rafiki wa muuguzi, lilisema: ahsante kwa kukataa. Jicho la pili, la wifi ya mwalimu yule, liliuliza: na kama aliyefichwa angekuwa huyu wetu wa ua jekundu?

Kinachonisaidia ni kusoma kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, kilichokuwa kiini cha mvutano ule. Kinampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kumwamuru yeyote mwenye data aitoe, pale inapohitajika kwa upelelezi wa jinai. Hakimu anaingia baadaye, pale amri hiyo isipowezekana. Maana yake mtu mmoja, ofisi moja, anaamua bila kulazimika kumweleza mtu wa nje kwa nini anataka jina. Anayetafuta mchafuzi na anayetafuta mtoa taarifa wanapita mlango uleule, na hakuna anayewauliza mnakwenda kwa nani. Wenye JamiiForums waliupinga utaratibu huo Mahakama Kuu, wakashindwa, Machi 2017.

Mimi naamini walikuwa na haki ya kuupinga.

Waliokuwa na majina

Akaunti ile ilifungwa baada ya siku kadhaa, baada ya ndugu na marafiki wengi kuripoti. Kabla haijafungwa niliiangalia vizuri. Ilikuwa na wafuasi wachache mno, wengine dhahiri ni akaunti za biashara zinazofuata kila mtu. Ingeachwa ilivyokuwa, pengine picha ile ingeonwa na watu wasiojaza darasa.

Mji uliiona kupitia makundi ya WhatsApp. Kundi la wazazi wa kidato cha tatu. Kundi la kwaya. Kikoba. Wahitimu wa chuo cha ualimu. Huko kila ujumbe una namba, na namba ina jina, na jina lina uso unaoujua.

Kila aliyesambaza alikuwa na jina.

Mzee wa kanisa aliisambaza. Mama mmoja ambaye wifi yangu alimfundishia watoto wake wawili aliisambaza, akaongeza emoji ya kushika mdomo. Wengi waliandika kile tunachokiandika sote tukitaka kunawa mikono: nimeituma kama nilivyoipokea.

Hapa ndipo mawazo yangu yaligeuka. Nilikuwa nimeshikilia kwamba kujificha ndiko kunakowapa watu ujasiri wa ukatili. Kunawapa baadhi, ndiyo. Lakini watu wazima wenye heshima zao, kwa majina yao, mbele ya wenzao wanaosali pamoja, walifanya kazi ambayo yule mmoja asingeiweza peke yake. Utambulisho haukuwazuia kwa dakika moja. Walijua kwamba hakuna atakayewauliza.

Nilimwambia wifi haya. Alikaa kimya kidogo, akasema:

"Yule aliyejificha angalau alijua ni aibu."

Jina lililopatikana

Mji nao ulilitafuta jina, na mji haungoji hakimu. Watu walilinganisha maandishi: nani huandika "kwakua" badala ya "kwa kuwa", nani anapenda kuweka nukta tatu. Wakamfikia mwalimu mmoja kijana, mgeni, asiye na ndugu pale, ambaye aliwahi kubishana na wifi yangu kikaoni. Hakuna aliyemshtaki popote. Waliacha tu kumsalimia. Mtu akachora maneno kwenye mlango wake.

Kijana akaomba uhamisho.

Sijui kama ni yeye. Wifi yangu anaamini si yeye, na alimwambia hivyo mbele ya walimu wenzake. Nililoliona ni kwamba hamu ya kupata jina, ikikosa njia halali, haipoi. Inamshukia aliye karibu na asiye na mtu. Kwa hiyo mnaonisoma na mnaotetea haki ya kujificha mtandaoni, kama ninavyoitetea mimi, msiseme njia ya kumpata mkosaji haituhusu. Inatuhusu. Isipokuwepo njia, atachomwa yeyote.

ID ya juzi na ID ya miaka

Kuna tofauti ambayo watumiaji wa muda mrefu wa mitandao yetu wanaijua bila kufundishwa. Mtu akitupa tuhuma nzito, wa kwanza kujibu huangalia tarehe: mkuu, umejiunga juzi, tukuamini kwa lipi? Lakini zipo ID ambazo zimeandika miaka na miaka, hatujui sura ya mwenyewe, na bado tunamjua: anachokielewa, alipowahi kukosea akakubali, anavyobishana. ID ya namna hiyo ina kitu cha kupoteza. Mwenyewe akisema uongo, jina alilolijenga linaanguka, hata kama siyo jina alilobatizwa nalo.

Akaunti ya ua jekundu haikuwa na cha kupoteza. Ilizaliwa asubuhi, ikaua jioni.

Wenye mitandao wanaweza kuitumia tofauti hii bila kuomba kitambulisho cha mtu yeyote. Akaunti mpya isiruhusiwe kuweka picha ya mtu mwingine na kuisambaza kwa kasi ileile ya akaunti ya miaka mitano. Malalamiko ya picha ya utupu yapokelewe na binadamu anayesoma Kiswahili, siku hiyohiyo. Siku zile tulizongoja ndizo picha iliponakiliwa ikatoka pale. Baada ya hapo kufungwa kwa akaunti kulikuwa ni jambo la heshima tu, madhara yalishatembea.

Mlango wenye hakimu

Na jina je? Lifichuliwe lini?

Nimesoma hukumu moja ya mahakama ya rufaa ya jimbo la New Jersey, Marekani, ya mwaka 2001, kesi ya kampuni iitwayo Dendrite iliyotaka majina ya watu walioiandika vibaya mtandaoni kwa majina ya kubuni. Majaji waliweka utaratibu ambao mwanakijiji yeyote angeuelewa. Anayetaka jina kwanza ajaribu kumfahamisha mwandishi, palepale alipoandikia, ili apate nafasi ya kujitetea bila kujitokeza. Ataje maneno yenyewe anayoyalalamikia. Aonyeshe kwamba madai yake yanasimama kisheria, kisha alete ushahidi wa kutosha. Mwisho jaji apime: haki ya mtu kusema bila kutajwa upande huu, uzito wa shauri na ulazima wa jina upande ule. Kampuni ile ilishindwa kupata jina la mwandishi aliyebishaniwa, kwa sababu haikuonyesha kwamba maneno yake yaliidhuru.

Nilimpitisha kila mmoja wetu kwenye mlango huo. Waliouza dawa, wakitaka jina la muuguzi, wangekwama: maneno yake yalikuwa kweli na ukaguzi uliyathibitisha. Wifi yangu angepita. Picha ni ya kughushi, tuhuma imekaguliwa na kukutwa si kweli, madhara yanaonekana kwa macho. Mlango mmoja, watu wawili, na anayestahili ndiye anayepita. Sijaona utaratibu mwingine unaofanya hivyo.

Hapa kwetu ningetaka kifungu cha 32 kibadilishwe ili polisi aanze kwa hakimu, isipokuwa maisha ya mtu yako hatarini saa hiyohiyo. Wenzangu wawili mawakili wananiambia nimekuwa na imani kubwa mno na mahakama zetu. Inawezekana. Ila hakimu huandika sababu, na sababu zilizoandikwa zinaweza kukatiwa rufaa. Amri ya mkuu wa kituo inabaki kwenye jalada.

Shaka yangu kubwa ni ya gharama. Wifi yangu ni mwalimu wa serikali. Mahakama, wakili na safari za mkoani vitamla mshahara. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2017 na wasaidizi wa kisheria hadi vijijini, wengi wao wakishughulika na mirathi, ndoa na ardhi. Ningependa wafundishwe na hili, kwa sababu mtu wa kawaida akichafuliwa mtandaoni huwaendea wao kabla ya wakili.

Siku ya kwanza

Naandika sehemu hii kwa ajili ya yule atakayeamka kesho akute uso wake mahali ambapo hakuuweka.

Piga picha ya skrini kabla hujaripoti, kwa sababu ukiripoti ikafutwa, ushahidi wako umekwenda nao. Picha ionyeshe jina kamili la akaunti pamoja na kiungo chake. Majina ya kuonyesha hubadilishwa kwa sekunde.

Andika saa kwa tarakimu, 20:14, usiandike saa mbili na robo usiku. Waliko wenye mtandao hawahesabu saa kama sisi, na kumbukumbu zao nyingi ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kampuni zetu za simu hugawa anwani moja ya intaneti kwa wateja wengi kwa wakati mmoja, kwa kuwa anwani hazitoshi. Anwani peke yake, bila saa kamili hadi dakika na sekunde na namba ya poti (namba inayomtenganisha mteja mmoja na wenzake wanaotumia anwani ileile), inaweza kuelekeza kwa mamia ya watu, na mmoja wao asiye na hatia akabebeshwa.

Ukienda kituoni usiombe RB tu. Waombe waandike barua ya kutaka data ihifadhiwe. Sheria inaruhusu amri ya namna hiyo, na kuhifadhi si kufichua. Kumbukumbu za mitandao hufutwa baada ya muda, na jalada lako likifika mkoani huenda zimeshafutwa.

Kisha yafuate makundi. Admini wa WhatsApp anaweza kufuta ujumbe wa mwanakundi mwingine kwa wote. Mpigie kwa sauti, usimwandikie. Katika makundi yote yaliyoisambaza picha ya wifi yangu, admini wa kwaya peke yake ndiye aliyefanya hivyo bila kubembelezwa. Alifuta, akaandika kwamba picha ni ya kughushi, kisha akawapigia simu walioituma, mmoja mmoja, akawaambia waende wenyewe nyumbani kwa mwalimu. Wanne wamekwenda. Mzee wa kanisa bado.